Mdogo Wangu Amemzika Mama Akiwa Hai

Admin, nifichie jina na mtaa. Garissa ni mji mdogo wenye masikio makubwa.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, fundi cherehani, nilisoma hadi kidato cha nne. Binti yangu wa kwanza anaolewa mwezi ujao. Nina mazoea ya kuandika shajara kila jioni na kuweka tarehe, kwa hiyo haya sikuyapamba. Nimeyanakili kama nilivyoyaandika, nikaondoa tu majina.

Mama yetu, hooyo, anaishi kwangu. Alikuwa na nyumba yake karibu na mto mpaka mafuriko yakamtoa. Siku tuliyokuwa tukiokoa vitu, mdogo wangu wa kike, tumezaliwa wawili tu, alikuja na gari kutoka Nairobi akasema, "Hooyo, vyombo vyako vya zamani nipe mimi nikutunzie. Kwangu ni ghorofani, maji hayafiki, mchwa hawafiki." Hooyo alimshukuru huku analia. Kitu alichokiachia kwa shida ni dhiil yake, chombo cha maziwa cha kusukwa, alichosukiwa na mama yake kule upande wa Diff alipoolewa. Kwetu chombo hicho ni mali ya wanawake. Hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na bibi harusi hukiingiza nyumbani kwake kikiwa na maziwa. Nami nilikiingiza kwangu hivyo hivyo, kisha nikakirudisha kwa hooyo kimngoje mjukuu. Sasa mjukuu anaolewa, na kila asubuhi baada ya sala hooyo huuliza, "Mdogo wako ameleta?"

Wikendi iliyopita nilisafiri na jirani yangu, mwalimu kutoka Meru. Alikuwa amesikia kwamba Nairobi kuna maonyesho ya vitu vya kale, nami natafuta cherehani ya zamani ya miguu, ile ya chuma kizito, kwa sababu hizi mpya hazinimalizii mwaka. Jumamosi asubuhi tulifika uwanjani. Mahema mengi, saa za ukutani, redio za mbao, masanduku ya bati, na watu wenye pesa wanapapasa vikombe vilivyomeguka kama wanachagua dhahabu. Mwalimu alinivuta mkono. "Mama wa bibi harusi, tusisimame sana hapa, watatubandika bei na sisi." Tukacheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho hadi leo.

Kwenye hema la pembeni nilisikia sauti ninayoijua tangu ilipokuwa ikilia kitoto mgongoni kwangu. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya meza, ameshika dhiil ya hooyo kwa mikono miwili. Niliitambua kwa kipande cha ngozi ya ngamia ambacho hooyo alikishona kwenye kitako ilipotoboka. Alikuwa akimwambia mama mmoja aliyevaa miwani ya jua, "Hii ni ya marehemu mama yangu. Siku anakata roho alinishika mkono akanipa. Kila nikiiona namwona."

"Pole sana, mpenzi," yule mama akasema. "Mimi nitaitilia maua makavu sebuleni."

Marehemu mama yangu. Hooyo ambaye asubuhi ya jana yake nilimwacha amekunywa chai, akinionya nisikae dirishani kwenye basi nisije nikapata mafua.

Nilimwita kwa jina. Aligeuka, akakauka uso. Mnunuzi akauliza, "Na huyu ni nani?" Mdogo wangu akajibu, "Mteja tu, anaulizia bei." Chombo kikafungwa kwenye gazeti, kikaondoka. Ningepiga kelele ningekuwa namwita mwizi mtoto wa mama yangu mbele ya umati. Nilipogeuka kumtafuta, yule mama wa miwani alikuwa ameshapotea katikati ya mahema.

Tulisemezana Kisomali ili watu wasielewe.

"Umemuua hooyo?"

"Abaayo, dada yangu, hayo ni maneno ya biashara. Bila hadithi, hawa hawanunui."

"Mwanangu ataingia na nini kwake?"

"Mwanao atakuwa na friji! Nani siku hizi anaweka maziwa kwenye kikapu?"

"Ungeniambia unataka kuuza, ningekinunua mimi."

Hapo machozi yakamtoka, lakini si ya kujuta. "Ukimwambia hooyo atanilaani. Unajua laana ya mama. Likinipata jambo mimi au watoto wangu, wewe ndiye utakayekuwa umelileta."

Nilirudi Garissa bila cherehani. Njiani mwalimu alinipa leso yake.

Jumatatu mdogo wangu alinipigia simu. Amepata dhiil nyingine kuukuu sokoni Eastleigh, ataishonea ngozi kwenye kitako, ataileta Ijumaa. Anasema macho ya hooyo yana ukungu, hatajua. Mimi najua vidole vya hooyo havina ukungu. Na hata visipojua, nitamkabidhi binti yangu chombo cha mwanamke nisiyemjua, niseme ni cha bibi yake?

Jana alimpigia hooyo mwenyewe, akamwambia anakuja nacho. Hooyo alituma watu wamtafutie kuni za kukifukizia moshi kabla ya kutiwa maziwa, akakaa kwenye mkeka, akainua mikono akamwombea: Mwenyezi Mungu ampe riziki, amlindie watoto, amjalie mwisho mwema kwa sababu amemtunzia amana. Nilikuwa nimekaa kando yake. Alinigeukia akasema, "Mbona huitikii?"

Nikasema amin.

Ijumaa iko mlangoni. Nikisema, hooyo atafungua kinywa amlaani mtoto aliyemnyonyesha. Nikinyamaza, nitakuwa nimewadanganya yeye na binti yangu siku hiyo hiyo moja. Ninyi mliowahi kukaa kati ya mama na ndugu, niambieni: nitamke, au niendelee kuitikia amin?