Pengo la Ua wa Kayaba

Nakumbuka asubuhi moja huko Muthangari, mwanangu, miaka ile ya elfu mbili, nilipokuwa kijana wa kufunga ving'ora. Kazi hiyo sikuisomea darasani. Niliisoma peke yangu katika vijitabu vilivyokuja na mitambo, na nilijiamini.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Kamau, aliyefiwa na mkewe. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameanguka jikoni, akalala sakafuni mpaka jirani alipomkuta. Binti yake Wanjiru, aliyeishi ng'ambo, aliingiwa na hofu, akaniagiza nimwekee kila kitu: waya wa umeme juu ya ukuta, grili ya chuma kwenye korido, king'ora, na kitufe kidogo cha kuvaa shingoni, cha kuita gari la walinzi.

Niliizunguka nyumba nikitafuta mahali mwizi angepitia. Upande mmoja haukuwa na ukuta, ila ua wa kayaba wenye miiba mirefu, na katikati yake pengo la kutosha mtu mmoja. Nikamwambia mzee kwamba hapo tutajenga ukuta.

Hakubisha. Aliketi barazani, akabonyeza kitufe nilichokuwa nimetoka kukiunganisha.

King'ora kikalia. Nyumba ya mbele, mtu alifunga dirisha. Waliopita barabarani hawakugeuka. Ving'ora vya mtaa ule vilizoea kulia hata paka akiruka. Nilitaka kukizima, mzee akanizuia. Tukangoja. Halafu majani ya kayaba yakatikisika, akatokea Mama Achieng, yule jirani aliyemkuta sakafuni, mikono imejaa unga.

"Baba Wanjiru, umeanguka tena?"

"Niko sawa. Huyu kijana anajaribu mashine yake."

"Na hangengoja nimalize chapati? Zikiungua utazikula wewe."

"Nitazikula. Tangu nianze kujipikia nimekula mbaya zaidi."

Alicheka, akarudi alikotoka. Chai aliyonimiminia mzee ilikuwa imeshapoa gari la walinzi lilipofika. Walinzi walisimama nje wakitikisa geti, kwa kuwa lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mzee.

"Umetafuta vizuri mwizi atapitia wapi," akaniambia. "Anayekuja kuniinua je?"

Alimpigia binti yake nikiwapo. Nilisikia sauti ya Wanjiru ikipanda: "Baba, mimi niko mbali."

"Ndiyo maana namtaka aliye karibu," akasema, na hakukata simu mpaka binti akakubali.

Basi kwenye pengo tukaweka kigeti cha chuma, na ufunguo wake mmoja, pamoja na wa nyumba, akakaa nao Mama Achieng. Kitufe kile nikakiunganisha pia na kengele jikoni kwake. Grili nayo nikaitilia kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo. Mvua za masika zilipoanza, mzee alianguka tena, bafuni, akabonyeza kitufe. Mama Achieng alimfikia kabla ya gari, na baada ya hapo mzee aliishi miaka kadhaa.

Mimi sasa naishi peke yangu Kileleshwa. Kamera ya mlango wangu hunionyesha jirani akirudi na mkate kila jioni. Nimemwona akinyoa ndevu, nimemwona akizifuga tena. Jina lake silijui.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue mtambo gani, wa nyumbani au wa duka lako pale Dagoretti Corner, nitakuambia kamera na waya ni vitu vizuri, vinunue. Lakini kwanza uliza nani atasikia, na akisikia ataingiaje. Usijifungie ndani kwa kufuli ambalo ufunguo wake utautafuta gizani. Na kabla fundi hajatoboa ukuta wako, nenda ukabishe hodi kwa jirani mjuane majina. Mimi nitaanza leo jioni, huyu wa mkate akirudi.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo, mwanangu, na asikunyime mtu wa kumwachia ufunguo.