Mzio wa Mshika Kamba

Walimwita Afya, na jina lilimkaa kama kofia ya kuazima, maana afya ndiyo hasa aliyoikosa. Alikuwa mshika kamba wa kundi la wapaka rangi za maghorofa. Akipiga chafya, wenzake humwitikia, "Afya." Akipiga ya pili, "Afya." Kufika ya tano wamechoka, wanacheka tu, na jina likaganda hapo.

Kazi yenyewe niieleze, usije ukadhani ni kushika kamba ya mbuzi. Juu ya paa pana nguzo ya chuma. Kamba inazungushwa hapo, inapita ukingoni, na huko chini, kwenye ubao kama wa bembea, amekaa mpakaji rangi na ndoo yake. Akimaliza sehemu anaita, "Legeza." Mshika kamba anafungua fundo, anaiachia kamba kidogo kidogo kwa viganja, kisha anafunga tena. Fundo likiwa limefungwa, hakuna neno. Hatari ni pale linapofunguliwa, mtu mzima akawa ananing'inia mikononi mwa mwenzake.

Na mtu huyo alikuwa nani? Shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamume mwenye masharubu na utani usioisha mdomoni. Kila asubuhi mke akiwafungulia mlango alisema, "Baba watoto, huyo unamchukua mzima, unirudishie mzima." Alisema akicheka. Afya aliacha kucheka siku walipohamia jengo lile lililozungukwa na mivinje.

Mivinje ilikuwa imechanua, ingawa nani amewahi kusimama kulisifu ua la mvinje? Ncha za matawi zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu tu, na upepo ukivuma, unga ulipanda mpaka juu ya paa. Macho yakamwasha, koo likamwasha, pua ikawa bomba bovu.

"Ni mzio wa chavua," daktari wa zahanati alimwambia. "Ule unga wa maua dume. Usiyasingizie mawaridi, chavua yake ni nzito, inabebwa na nyuki. Adui zako ni nyasi na miti kama mvinje, inayoutupia upepo unga wake." Akampa vidonge vya njano. "Ila hivi vinaleta usingizi. Ukimeza, usiendeshe gari."

"Na kamba je?"

Daktari alidhani anataniwa.

Hapo hofu ikamkaa Afya kifuani. Akimeza, atasinzia kamba mkononi. Asipomeza, chafya, na chafya haina adabu, haipigi hodi. Mama yake aliposikia neno mzio aliweka mwiko chini. Kwa watu wa umri wake, mzio ni kitu ambacho mwili wako umekatazwa. "Mwenye mzio wa samaki huacha samaki, mwanangu," alisema. "Wewe utaacha kuvuta pumzi?"

Kwa nini asiseme kazini? Haya nyie, semeni ninyi. Msimamizi alikuwa akitafuta wa kumpunguza. Na zaidi ya kazi, unamwambiaje mtu aliyekukabidhi roho yake kwamba mikono yako huiamini? Afya akanyamaza. Vidonge vikabaki mfukoni, na shemeji akabaki amekalia kuti kavu bila kuambiwa, au ndivyo Afya alivyodhani.

Alasiri moja shemeji akaita, "Legeza." Afya akafungua fundo. Upepo ukaja, nayo ikaja: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mfululizo, macho yamefumba. Kamba ikateleza viganjani ikimchoma. Akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, akaukaza mguu kwenye nguzo, na kamba ikasimama. Akaisikia ndoo ikipiga chini. Hakuthubutu kuchungulia.

"Upo, shemeji?"

Kisha, kwa sauti ndogo, "Nipo."

Alimshusha taratibu, akateremka ngazi, na pale pale penye rangi iliyomwagika akakiri yote. Shemeji alimsikiliza akifuta masharubu.

"Unadhani sijui?" alisema. "Kila nikisikia chafya huko juu, naacha brashi nashika dirisha."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wewe ni mume wa dada."

Kesho yake wakabadilishana. Afya akajifunga kitambaa kibichi puani, akakaa kwenye ubao, vilele vya mivinje vikiwa chini ya nyayo zake. Alipiga chafya apendavyo, ubao ukayumba, basi. Kamba ilikuwa kwenye mikono isiyo na mzio. Akamaliza kipande chake cha ukuta akaita, "Legeza." Fundo likafunguliwa, ubao ukaanza kushuka.

Juu ya paa mtu akapiga chafya.

Afya alilivamia dirisha kwa mikono miwili, brashi ikaenda zake. Ubao ulikuwa umetulia tuli. Kisha kikasikika kicheko, na masharubu yakachungulia ukingoni.

"Pole, shemeji. Ya uongo hiyo. Nilitaka uonje tu nilichokuwa nakula kila siku."

Afya alicheka, afanyeje, utani wa shemeji haukasirikiwi.

"Haya, achia dirisha nikushushe."

"Naachia," alisema. Akaitazama mikono yake. Aliiambia iachie, akaiambia tena, na vidole havikufunguka.