Siku Tuliyoifungia Radi Mlango

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa kuokota mavi makavu ya ng'ombe, nilimwogopa Mungu kuliko fisi. Fisi ukimpigia kelele anakimbia. Mungu, kwa jinsi nilivyofundishwa, alikuwa na radi mkononi, na radi haikosei mtu.

Kwetu ni nje kidogo ya Tinde, mbuga tupu, miti ilikwisha kabla sijazaliwa. Kuni hakuna. Watu wanapikia mavi ya ng'ombe, na mwanamke akiyapikia miaka mingi macho yanakuwa mekundu, hayarudi tena. Bibi yangu mzaa baba, Nkwimba, alikuwa na macho hayo. Leo naeleza hivi kirahisi kwa sababu nimekua. Wakati ule hakuna aliyetaja moshi. Macho mekundu kwa mwanamke mzee yalikuwa na maana moja tu, uchawi, na maana hiyo ilishawaua wanawake vijiji vya jirani kwa mapanga, na waliowaua tuliendelea kuwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba.

Mama yangu alikuwa amefariki, baba alikuwa Nyarugusu anachimba dhahabu, anarudi akipata. Tulibaki wawili, mimi na bibi, kitanda kimoja. Nikishtuka usingizini nilikuwa nageukia ukutani nisije nikayaona yale macho yakiwa wazi gizani. Nilimpenda na nilimwogopa, na sikuona ajabu, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoambiwa nimfanyie Mungu pia.

Mwaka huo mvua zilipoanza, ng'ombe wa plau wa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, Baba Masanja, waliingia shambani kwetu wakala marando yote ya viazi. Bibi akaenda kwake, mimi nyuma nimeshika kitenge chake. Baba Masanja hakusema hata samahani. Alicheka, akasema, "Sasa bibi, ng'ombe unamfundishaje mpaka?"

Mimi ningemtukana. Hata leo, pale sokoni Kalangalala, Geita, ninapouza mchele, mtu akinichezea mzani nampa maneno yake papo hapo, wananijua. Bibi hakuwa hivyo. Alimtazama tu, akasema, "Haya, baba. Mungu anawaona." Tukarudi.

Wiki hiyohiyo radi ikawapiga wale ng'ombe malishoni, wote wawili. Kwetu ng'ombe wa radi haliwi wala haguswi mpaka mganga aje apatibu mahali pale. Kwa hiyo walilala palepale, matumbo yamevimba, miguu juu, na kila aliyepita njiani aliwaona akalikumbuka neno la bibi. Jumapili mwinjilisti wetu akahubiri kwamba radi ni kidole cha Mungu, kinamwonyesha mwenye dhambi. Sijui alikuwa na maana gani. Najua shingo ziligeuka zikatazama benchi letu.

Kisha tukaambiwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, watakuja kwetu kukaa kikao. Hakuna mtoto wa kule asiyejua kikao cha namna hiyo kinaweza kuishia wapi. Asubuhi ya siku ile bibi alikuwa anasonga ugali kama kawaida. Akaniambia bila kugeuka, "Kabula, wakikuuliza, sema ulichosikia."

"Nikisema watakuua, bibi."

"Ukidanganya, uongo utakaa nao wewe. Mimi nimeshazeeka."

Walikuja mchana. Mtemi wao, Mzee Luhende, alikalia kiti chetu. Vijana walisimama na marungu, wengine na mapanga, eti wametoka shamba. Mwinjilisti alikuwepo. Baba Masanja alikuwepo na mkewe, mtoto mchanga mgongoni. Wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa Nzega.

Mtemi hakuniita kwa ukali. Alisema, "Njoo, mjukuu wangu. Bibi yako alimwambia nini Baba Masanja?"

Nimeogopa mambo mengi tangu hapo. Nimeuza chakula machimboni, nimeona shimo likifukia watu niliowapikia asubuhi. Lakini hofu ya siku ile haijapata mwenzake. Nikidanganya, lile wingu ni langu. Nikisema kweli, yale mapanga ni ya bibi. Niliona Mungu ameniweka katikati makusudi, anitazame nitaangukia wapi. Miguu ililowa, na mvua ilikuwa haijaanza.

"Alisema Mungu anawaona."

"Mmesikia," Baba Masanja akasema. "Damu yake mwenyewe imetoa ushahidi."

Kijana mmoja akasema, "Sasa tunangoja nini, mtemi? Atuitie radi na sisi kwa majina?"

Hapo radi ikapiga. Ilipiga jirani mpaka ardhi ikaruka, na mvua ikashuka kama imemwagwa. Wenye nyumba za karibu wakatimka. Waliotoka ng'ambo ya korongo hawakuwa na pa kwenda, na wote tunajua hakuna kusimama wazi radi inapotafuta mtu. Nyumba yetu ya kulala ilikuwa inavuja. Palibaki jiko la bibi. Wakaingia humo mtemi, mwinjilisti, Baba Masanja na vijana wachache, na mapanga yao. Mke wa Baba Masanja alibaki nje kwenye mvua, anatetemeka, hataki kuingia kwa mchawi.

Bibi akasimama mlangoni akamwambia, "Ingia, mayu, mama yangu. Mimi uniogope baadaye, mtoto analowa."

Akaingia. Baba Masanja mwenyewe akausukuma mlango akauegemea kwa mgongo. "Fungeni kila mahali," akasema, "radi hupita palipo wazi." Kijana mmoja akaziba tundu la dirisha kwa gunia.

Bibi akakoleza moto mtoto akauke. Mavi yalikuwa yameshika unyevu, yakatoa moshi kuliko moto. Tulikaa tumebanana gizani, watu wanakohoa, kila radi ikipiga mtu anataja Yesu, na kuna aliyetaja mababu zake. Mimi nilikuwa nimejikunyata nyuma ya kinu nikijua mvua ikikatika bibi anakufa, na kilichomuua ni kinywa changu.

Humo gizani mtemi akauliza, taratibu, "Bibi Nkwimba, yale maneno uliyasema?"

"Niliyasema. Hata sasa anatuona, humu ndani."

Nilisikia upanga wa mtu ukianguka chini.

Bibi akasema, "Mbona mnaogopa? Mimi neno hilo ndilo ninalolalia. Sina mume, mwanangu yuko mashimoni. Anayeniona nikionewa ni nani mwingine?"

Aliendelea kupuliza moto.

Mvua ilipopungua Baba Masanja akafungua mlango, tukatoka kwenye mwanga tukiwa kama vipofu. Mkewe akamtazama usoni, akarudi nyuma hatua.

"Baba Masanja, macho yako."

Yalikuwa mekundu kama nyama. Akayafuta kwa mkono, yakazidi. "Ni moshi tu," akasema.

Akasikia alichokisema. Sote tulisikia. Mtemi alikuwa anajifuta yake kwa shuka, mwinjilisti machozi yanamchuruzika, wale vijana hawakuweza hata kutazamana, na kila aliyeinua uso aliona macho ya bibi yangu kwenye uso wa mwenzake. Bibi akatoka jikoni na kata ya maji, akaanza na mtemi. "Nawa, baba. Ukiyasugua yanauma zaidi."

Mzee Luhende akanawa. Akasema kikao kimekwisha, akaondoka bila fimbo yake.

Sitadanganya kwamba kijiji kilitubu. Wapo ambao hawakumsalimia tena mpaka baba alipokuja kutuchukua kwenda Geita. Mwinjilisti alikuja mara moja, akakaa, akaondoka bila kuhubiri. Bibi alifia kitandani kwake, Kalangalala, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Kwa mwanamke wa kwetu mwenye macho yale, hiyo si habari ndogo.

Sikusoma sana. Biblia nilijifunza kuisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari, na nikifika penye hukumu bado nainua macho kutafuta wingu kama siku ile. Ng'ombe wale kwa nini walikufa, sijui, na anayejifanya anajua simwamini. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba Mungu ana jicho moja la kupenda na jingine la kuhukumu, nikawa naomba nisiangukie la pili. Watu waliona macho ya bibi wakahukumu. Mungu alikuwa anaona mpaka jikoni, anaona na moshi, na miaka yote bibi aliyopuliza moto ili mimi nile. Hakuwa na jicho lingine la kuniogopesha. Ni lilelile, na bibi alikuwa analilalia. Mimi bado najifunza.