Prisca, Kile Kipande Hakitolewi

Siamini hata sasa, na ninaandika huku nalia. Prisca wetu, mwongozaji wa filamu, homa ya siku chache tu, na jana tumemzika kwao Mgeta.

Na ndiyo, yule mwanamke kwenye video inayosambaa aliyekaa kaburini akakataa kutoka ni mimi. Mnaosema sina adabu, subirini kwanza.

Mimi Mnyamwezi, yeye Mluguru. Ni watani. Kwenye msiba wa mtani naruhusiwa kushuka kaburini na kumsema marehemu, na sitoki mpaka nipewe ninachotaka.

Prisca alikuwa anatengeneza filamu ya kutisha isiyo na jini hata mmoja. Uluguru, enzi za Mjerumani. Mtu kafa kwa viboko, askari wanataka azikwe upesi, mtani wake anashuka kaburini na kuwachekesha wafiwa. Kisha buti zinasikika zinapanda mlima.

Prodyuza akaja juu. “Horror gani watu wanacheka? Toa utani, weka jini.”

Prisca akamjibu, “Jini wa nini, bosi, na Mjerumani yupo?” Mimi mhariri wake nilicheka mpaka nikamwaga chai kwenye keyboard.

Tulipowaonyesha watu kipande hicho Mwembesongo, ukumbi mzima ulicheka. Buti zilipoanza, kimya. Bibi mmoja akasema, “Mwanangu, rudisha nyuma kidogo, nicheke tena kabla hawajafika.” Prisca alitoka nje kulia.

Jamani, alivyokuwa mkali! Ukichelewa location anakufokea “Hamsa ishirini!”, vile viboko ishirini na tano vya Mjerumani, halafu anakumegea muhogo mkubwa kuliko wake.

Sasa jana, jeneza halijashushwa, prodyuza ananinong’oneza: “Edit ni yako sasa. Kile kipande tukitoe, mwenyewe hayupo.”

Mwenyewe hayupo! Pale pale!

Nikavua viatu, nikashuka. Kaka yake Prisca akatia mkono mfukoni, kama ilivyo desturi. Nikamwambia, “Kwako sitaki kitu, Mluguru. Namtaka yule prodyuza mwenye miwani. Aseme mbele ya padri kwamba kipande kinabaki.”

Kina mama walicheka huku machozi yanawatoka. Prodyuza akajikohoza. “Kinabaki.”

“Paza sauti, huyu hakuwahi kusikia ushauri wa mtu!”

“KINABAKI!”

Akidhani ameahidi kwa mzaha, kijiji kizima kimemsikia. Filamu yako inatoka ulivyoiacha, mbishi wewe. Wasiojua waiite ya kutisha au ya kuchekesha watajijua wenyewe.

Haya, nimekupisha. Lala salama, mtani wangu.