Taa ya Padri na Sinia la Mama

Marehemu mume wangu alikuwa mfua shaba, na kazi zake zote zilikuwa za mviringo. Alifua masinia, mabuli ya kahawa, vyetezo na mabakuli ya kunawia, kama baba yake alivyofua hapa hapa Tabora. Nalisema hili mapema kwa sababu mawifi zangu mpaka leo wanashikilia kwamba kazi ya yule Mzungu ilimharibikia kwa kuwa alirogwa. Hakurogwa. Sinia halina kushoto wala kulia, ndiyo habari yote.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Shaba haikuonekana madukani, na katibu wa tawi alikwisha kuja mara tatu kumwita kwenye kikundi cha mafundi bati, waliokuwa wakitengeneza ndoo na keni za kumwagilia vitalu vya tumbaku. Mume wangu alimkaribisha kila mara, akampa kahawa, akamsikiliza kwa adabu. Katibu akishatoka tu, anasema, "Mimi na bati? Nife kwanza." Alijiona, sifichi. Lakini mjini hapakubaki fundi mwingine aliyeweza kufua buli likasimama bila kuyumba.

Ndipo akaja padri mzee, Mfaransa, kutoka misheni moja nje ya mji. Baada ya salamu alifungua gazeti akatoa taa ya ukutani, ya shaba, iliyotoka nyumbani kwa mama yake huko Ufaransa. Bamba lake la nyuma lilifuliwa mfano wa utepe uliofungwa. Katikati ulichomoza mkono mmoja mwembamba, umepinda kuelekea kulia, umezungukwa na majani, na mwisho wake palikuwa na kioo chenye umbo la ua. Zilikuwa mbili, akasema, lakini ukuta wa misheni ulianguka kwa mvua, na ya pili kikasalimika kioo tu.

"Fundi, nifanyie nyingine kama hii," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha katibu.

Mume wangu aliigeuzageuza taa ile mchana kutwa. Watoto wetu hakupata kuwashika kwa uangalifu ule, nami nikamcheka. Kesho yake sikucheka. Nilirudi kutoka kwa bibi harusi niliyekuwa nampaka hina, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikamkuta uani na mkasi mkononi. Alikuwa amelikata sinia la mama yangu katikati.

Sinia lile nililetewa na mama siku ya harusi yangu, na mama mwenyewe alikwisha kufa. Hakuniuliza. Nilipopiga kelele, alijibu bila hata kuinua kichwa, "Shaba nyingine iko wapi, mama watoto?" Niliinyakua nusu iliyobaki, nikaifungia sandukuni, ufunguo nikauvaa shingoni. Tukanuniana. Kwa majuma matatu maneno yetu yalikuwa "chakula hiki" na "kuna mtu mlangoni".

Majuma hayo alifanya kazi ambayo sijaona mfano wake. Kila jani alilipima kwa uzi. Kipande kirefu cha sinia alikikunja kikawa bomba, akalijaza mchanga kabla ya kulipinda lisije likabonyea. Alikuwa akiimba. Mimi nilikuwa jikoni nikimsikia, na hasira inanizidi.

Siku moja adhana ya adhuhuri ilimkuta amepanga kila kitu kwenye mkeka: taa ya padri, na kando yake mkono mpya uliokwisha kupindwa, na majani yanayongoja kulehemiwa. Akaenda msikitini. Nikaenda kuchungulia. Niliegemeza taa upande mmoja wa mlango, mkono mpya upande wa pili, nikaona palepale. Mtu apakaye hina hawezi kukosa kuona. Ua ulilochora mkono wa kulia, ukifika wa kushoto lazima uligeuze, ama sivyo mikono haitazamani. Hapa vyote viwili vilipinda kulia, kama watu wawili kwenye benchi, mmoja amempa mwenzake kisogo.

Majani yalikuwa hayajapachikwa. Kuugeuza mkono ule ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Nilirudisha vitu vyote mahali pake, nikaenda kuchambua mchele. Nilijua ninachofanya.

Taa ilipokwisha, padri alitualika Jumapili alasiri tukaione ikiwaka kwa jenereta. Nilipanda nyuma ya baiskeli kwa kuwa nilitaka kuona. Padri alikuwa amezitundika mwenyewe, pande mbili za dirisha la chumba cha kulia. Akawasha. Mume wangu alitabasamu, kisha tabasamu likakatika.

"Inapendeza, fundi," padri akasema taratibu. "Ile iliyovunjika iligeukia kushoto. Kosa ni langu, sikukueleza."

Mume wangu alikataa chai. Njia nzima aliisukuma baiskeli, nami nikatembea nyuma yake.

Majani yakishalehemiwa hayabanduki bila kupasuka, kwa hiyo mkono ulitakiwa mwingine, na shaba mpya. Siku ya pili alisimama mlangoni mwa chumba changu. "Nipe ile nusu."

"Haitoki," nikamjibu.

Alikuwa na vifaa vya kuvunja kufuli lolote Tabora nzima. Hakugusa sanduku. Juma lililofuata alikwenda mwenyewe kwa katibu, akaandikishwa kwenye kikundi cha bati.

Alitengeneza ndoo mwezi mzima kabla hajanisemesha. Siku hiyo alirudi kidole kimekatwa na bati, akaketi kwenye mkeka nimfunge kitambaa. Nilikuwa nafunga fundo aliposema, "Mama watoto, nilikosea. Lile sinia la mama yako, ningekuuliza. Unisamehe."

Nilivua ufunguo shingoni nikamwekea kiganjani. Aliutazama, akanirudishia.

"Sikuja kwa ajili ya shaba," alisema.

Nadhani hakuna siku niliyompenda kama siku hiyo, na hakuna siku niliyojichukia zaidi. Ilikuwa zamu yangu kusema. Nilitaka kumwambia kwamba niliuona ule mkono ungali mtupu, nikaacha makusudi aende akaaibike. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Nikamuuliza kama atakula sasa au baadaye.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, kwa wema. Kila aliposimulia habari ya taa ile, alisema ni macho yake tu yaliyomdanganya, na mimi nilimwachia aseme hivyo mpaka tulipomzika.