Kikwembe kati ya mukwe na mamukwe

Juma hii nilisindikiza jirani yangu kwa munganga wa kine, yule wa mazoezi ya viungo, hapa Kasongo. Ni mucimbaji wa zahabu kule Salamabila, na kiuno kinamuuma mpaka hawezi tena kubeba mutoto wake. Munganga akamwambia: «Papa, kulala tu haiponyeshe. Lala chali ku mukeka, kunja magoti, inua kiuno polepole.»

Jamaa akabaki amesimama, anaangalia ukuta. Ku mukeka wa pili alikuwa mamukwe yake, naye iko na maumivu ya kiuno, juu ya kubeba vitunga vya mihogo.

«Munganga, niinue matako mbele ya mamukwe? Afazali nikufe na kiuno yangu!»

Mama alikuwa amefunika uso. Kisha akafungua kikwembe chake cha juu, akanipa: «Kijana, shika hapa katikati.»

Nikashika kama pazia. Huku mukwe anainua, kule mama anainua, kila mutu anahema. Sauti ya mama ikatoka nyuma ya kitambaa: «Mukwe, polepole. Mujukuu wangu anangojea huo mugongo.»

Wandugu, heshima tusiitupe. Tutafute tu mutu wa kushika kikwembe. Mimi sasa mabega ndiyo yananiuma.