Vigingi Nilivyosimamisha Mwaka wa Ukame

Siku ya kwanza kazini Bariadi nilikabidhiwa dira, utepe wa kupimia na mabuti ya mpira ya mwanamume. Afisa Maliasili, mkuu wangu wa kwanza, aliyatazama yakinipwaya akasema, "Mama, mbugani hakuna saizi. Nenda." Nilikwenda miaka yote ya utumishi, mpaka magoti yakakataa.

Vijana mkisikia mbuga mnafikiria simba. Kwetu ni ardhi nyeusi ya bondeni, inayoshika maji wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Upande wa Mwamapalala wazee walikuwa na ngitili, yaani malisho ya akiba yasiyoguswa mpaka nyasi za kwingine ziishe. Mpaka wake haukuwa na alama. Kila mwaka mvua zikikatika, mzee Masanja, msimamizi wake, aliswaga dume moja la ng'ombe kuelekea bondeni. Pale kwato zilipoanza kuzama ndipo ngitili ilipoanzia mwaka huo.

Mradi wa kuhifadhi ardhi oevu ulipokuja, niliandika kwenye rasimu kwamba mpaka upimwe upya kila mwaka, pamoja na wazee. Mratibu wa Mradi aliifuta sentensi hiyo kwa wino mwekundu.

"Mpango gani huu unaohamahama? Nataka mstari. Wafadhili wanakuja."

"Bosi, mwaka huu ni wa ukame. Nikipima sasa, sehemu kubwa ya bonde itabaki nje."

"Pima."

Nikapima. Ulikuwa wakati wa kupunguza wafanyakazi, barua zinagawiwa kama njugu, nami nina watoto shuleni. Nikasimamisha vigingi vya zege, nikatia saini ramani. Mzee Masanja alinifuata palepale, akanisalimu kwa Kisukuma na kuniita mama.

"Mwangaluka, mayu. Maji yakirudi, yatakuta nafasi yao?"

"Tutarekebisha, guku," nilimjibu, nikimwita babu. Nilikuwa namdanganya, na mpaka leo najichukia kwa jibu lile.

Kisha soko la pamba likaachiwa huru. Wanunuzi binafsi wakafurika, na kila mwenye trekta akatafuta pa kulima. Kilichokuwa nje ya vigingi kikahesabiwa ardhi tupu, wakakilima hadi kwenye zege. Mzee alipokwenda kulalamika alionyeshwa ramani yenye saini yangu. Katika ukame uliofuata, ng'ombe wake walikuta mabua ya pamba badala ya nyasi. Walikufa wengi, na wanawe wakaamua kuwahamishia Rukwa waliobaki.

Kabla ya kuondoka nao, mzee alipita ofisini. Nilimpa kiti, akakataa.

"Mayu, uliposema mtarekebisha, ulijua hamtarekebisha?"

"Nilijua, guku."

"Haya." Akavaa kofia yake, akatoka.

Nilipostaafu mgeni rasmi alisifu ramani zangu kwa usafi. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Siku hizi wataalamu vijana huja nyumbani na makabrasha yao. Wamegundua, wanasema, kwamba mpango wa ardhi oevu lazima ubadilike kufuatana na maji, na wamelifanyia semina jambo hilo. Huniomba niwapeleke kwa mzee anayejua jinsi mpaka ulivyokuwa ukitafutwa. Nami huwajibu kwamba alizikwa Rukwa, na kwamba aliyemhamisha ndiye huyu aliyewakaribisha chai.